Mtungi Uliowapumulia Samaki

Kwa wiki saba sikutoka Tabora. Anayenijua akisikia hivyo huuliza kama nilivunjika mguu. Sikuvunjika. Nilikuwa na samaki sita, kila mmoja mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, na hao ndio walionifunga nyumbani kwa mama, Gongoni, kama mbuzi kwenye kigingi.

Kazi yangu ni kununua asali. Naifuata Ulyankulu, Urambo, wakati mwingine mbali zaidi, naileta mjini kwenye ndoo, nauza. Ukweli ni kwamba hata asali isingekuwapo ningetafuta kitu kingine cha kufuata. Nimepita arobaini na bado nikisikia honi ya treni naangalia viatu vyangu viko wapi. Mama husema ni damu. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, alikwenda pwani na pembe za ndovu begani, kisha akarudi.

"Yule angalau alikuwa na mzigo," mama hupenda kuongeza. "Wewe unatembea mikono mitupu."

Ile njia ya misafara nimeifuata kwa vipande, miaka mingi, bila sababu ninayoweza kumweleza mtu mwenye akili zake. Kipande kwa baiskeli, kipande kwa miguu, kipande juu ya roli la mkaa. Mwaka huu nilifika mwisho wake, Ujiji, nikakaa siku tatu nikilitazama ziwa kama mtu aliyeajiriwa kulilinda. Siku ya tatu mvuvi mmoja alitoa maganda ya konokono yaliyonasa kwenye wavu wake, akayatia kwenye beseni la maji, akaniambia nichuchumae nitulie. Nikatulia. Baada ya muda ganda moja likachungulia. Kilikuwa kichwa cha samaki. Kisha cha pili, kwenye ganda la jirani.

"Hapo ndipo kwao," mvuvi akasema. "Huyo unayemwona anakula hapo mlangoni, anaoa hapo mlangoni, anafia hapo. Akitoka sana, anafika hapa." Akapima na kidole chake urefu wa kiganja.

Nilicheka mpaka akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa nimeitembea nchi nzima ya magharibi kuja kukutana na kiumbe asiyevuka kizingiti. Nikamwomba sita, pamoja na nyumba zao.

Niliwapakia kwenye ndoo ya asali niliyoiosha mara nne, nikaishika magotini ndani ya treni. Kila stesheni nilichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena humo humo kutoka juu, maana mvuvi alisema maji yakikaa kimya watakosa hewa. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alivumilia mpaka stesheni ya tatu.

"Hao ni mboga ya nani?"

"Si mboga, dada. Ni zawadi."

"Ya mgonjwa?"

"Ya mama yangu."

Akachungulia tena ndani ya ndoo. "Basi mama yako anakula kidogo."

Mama naye hakuwa mbali na hapo. Aliitikia shikamoo yangu, akafunua ndoo, akafunika. "Watu wakitoka Kigoma huleta migebuka," akasema. "Wewe umeniletea vya kutazama." Lakini hata chai haijachemka, alikuwa ameshatandika mkeka kando ya ndoo. Hadi jioni alishajua nani kati yao ana maringo, nani mchokozi, na yupi mwenye ganda kubwa ambaye, kwa maneno yake, anajenga kila siku na hahamii.

Na kweli walikuwa wanajenga. Walibeba mchanga mdomoni, punje kwa punje, wakautema nje ya mlango, kesho wakaurudisha.

Fundi vioo wa mtaani kwetu alinitengenezea kisanduku cha kioo kutokana na vioo vya kabati la chipsi lililovunjika. Kilivuja kona moja, akaziba kwa silikoni. Kikavuja ya pili, akaziba. Kikavuja ya tatu, akaziba, hapo kikakata tamaa. Tuliweka mchanga chini, tukapanga maganda, tukakiweka sebuleni juu ya meza, mahali ilipokuwa redio. Majirani walikuja kutazama. Mama aliwakaribisha kwa kahawa, akawaeleza habari za kila samaki kana kwamba amewalea tangu utoto.

Tatizo lilianza joto lilipokolea, ile miezi ya kungoja mvua ambapo Tabora nzima hutafuta kivuli cha kuazima. Samaki walitoka kwenye maganda wakapanda juu, wakawa wanapiga midomo usoni mwa maji. Nilichukua upawa wa mama nikayachota maji na kuyamwaga. Wakashuka. Saa moja baadaye wakapanda. Nikachukua upawa.

Hivyo ndivyo wiki zilivyokwenda. Nilichota asubuhi, nikachota mchana, nikachota nikirudi msikitini. Nikienda sokoni nilienda na bodaboda na kurudi na bodaboda, dereva akiniuliza kama nimeacha chungu motoni. Mama asingeweza kunishikia zamu, maana bega lake la kulia humuuma, na la kushoto anasema ni la kuswalia.

Katika wiki ya sita ilikuja simu kutoka Ulyankulu. Aliyepiga ni mwenzangu wa siku nyingi, mfugaji nyuki, wazazi wake walitoka Burundi, Mkatoliki safi ambaye huanza kila simu kwa kunitakia amani na kuimaliza kwa vitisho.

"Amani kwako, ndugu yangu. Mizinga imejaa. Narina wiki ijayo."

"Nisubiri kidogo. Nina samaki."

"Una nini?"

Nilimweleza.

"Mimi nina mke, watoto saba na nyuki ambao siwezi hata kuwahesabu," akasema, "na kanisani nafika kila Jumapili. Wewe samaki sita wamekuzuia kutoka mlangoni? Ndani ya siku kumi na nne, kama hujafika, asali ataichukua mnunuzi mwingine, na mwakani usinipigie."

Mambo yalikuwa hivi: nikienda, samaki watakufa na mama atabaki na kisanduku cha maji. Nikikaa, nimeikosa asali na mtu niliyemzoea, na labda, niliogopa hata kulitamka hili, nimezoea kukaa. Nilichukua kalenda ya zamani, nikaigeuza, nikachora.

Fizikia niliisoma mpaka kidato cha nne, na kilichobaki kichwani ni kwamba maji hushuka yenyewe lakini kupanda lazima yasukumwe. Nilianzia hapo. Niliona kama maji yakipandishwa juu ya kisanduku, halafu yakashuka yenyewe kwa mchirizi, ule mchirizi ungefanya kazi ya upawa. Kilichobaki ni wa kuyapandisha.

Pampu ya kwanza niliitoa gereji. Ilikuwa ile ndogo ya gari inayorusha maji kwenye kioo cha mbele. Niliifunga kwenye betri ya sola ya mama, nikaunga mpira, nikamwita fundi vioo aje ashuhudie. Nilipogusisha nyaya, maji yaliruka juu ya kisanduku, yakapita dirishani, yakamkuta jirani wa mbele aliyekuwa anaingia na sahani ya visheti.

"Wallahi leo nimeoga kwenu," akasema, akaweka sahani mezani na kujifuta kwa ushungi. "Wengine hupokelewa kwa maji ya kunywa."

Tuliibana kasi kwa kuukunja mpira. Ikafanya kazi siku moja na nusu, halafu ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, ikafa. Pampu ya gari imezoea kufanya kazi kwa sekunde mbili, mimi nilikuwa nimeiajiri usiku na mchana.

Ya pili ililetwa na fundi mwenyewe. Nyuma ya banda lake palikuwa na feni ya maji iliyokufa, zile kubwa za kupozea chumba, na ndani yake mlikuwa na kipampu kilichozoea kuzama na kusukuma polepole siku nzima. Tulikitia kwenye kisanduku, tukakichomeka kwenye umeme, kikanguruma kidogo kama paka aliyeshiba. Maji yakapanda bila makeke. Fundi alianza kuniita injinia, kwa sauti iliyonifanya nisimshukuru.

"Injinia, na umeme ukikatika?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Umeme wetu nao ni msafiri kama mimi, hauagi. Nilikitazama kile kisanduku siku mbili. Jibu lilikuwa pembeni yangu muda wote, juu ya kigoda cha mbao, limefunikwa kwa kawa na kikombe cha bati juu yake. Ulikuwa mtungi wa mama wa maji ya kunywa.

Nilimweleza taratibu, kama mtu anayeposa. Mtungi ukae juu ya stuli ndefu, nyuma ya kisanduku. Chini, karibu na kitako, tutoboe tundu tufunge koki, ile ya ndoo ya kunawia mikono tuliyoiweka mlangoni wakati wa korona. Shingoni tutoboe tundu lingine la maji yanayozidi. Ndani, chini, tuweke kokoto, mchanga, mkaa na kipande cha godoro, vichuje uchafu. Pampu ijaze mtungi, koki itiririshe kidogo kidogo, ziada irudi kwa tundu la juu. Umeme ukienda, pampu inalala, lakini mtungi umejaa, na utaendelea kutiririka saa tatu nzima, pengine nne, mpaka umeme urudi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka kuutoboa mtungi wangu."

"Matundu mawili tu, mama."

"Mtungi huu bibi yako ndiye aliyeununua. Wageni wa msiba wa baba yako walikunywa humu."

"Tutanunua mwingine wa kunywa."

"Mwingine utaununua wewe, utakaa humu ndani kwa adabu gani? Mtungi hufundishwa maji." Akawatazama samaki, ambao wakati huo walikuwa wamepanda juu wote sita, wanapiga midomo. Akatazama upawa mkononi mwangu. "Haya, toboa. Ila utoboe kwa bismillahi, na usilete fundi. Yule mikono yake ni ya vioo."

Nilitoboa kwa msumari uliopashwa moto na jiwe la kusugulia miguu, asubuhi nzima, nikitokwa na jasho kama mtu anayefanya upasuaji. Haukupasuka. Ilipofika adhuhuri mchirizi ulikuwa unaanguka kutoka koki hadi kwenye kisanduku, mwembamba kama kalamu, unapiga uso wa maji na kuzama na vipovu vyake. Samaki walishuka. Wakaingia ndani kwao. Mama alikaa kwenye mkeka akasikiliza, akasema ni kama mvua ya kwanza ikianguka kwenye sufuria lililosahaulika nje.

Nilikaa siku tano nikiuchunguza. Umeme ulikatika mara mbili, mtungi ukatiririka. Zilikuwa zimebaki siku nne za ule muda wa mwenzangu. Nikaona nifanye jaribio la mwisho: niondoke asubuhi, nisiguse kitu, nirudi alasiri. Nilikwenda kwa miguu hadi Itetemia, nikazunguka mashamba ya watu, nikaitikia salamu za mwangaluka za wakulima, nikanywa togwa. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetolewa plasta mguuni. Ilikuwa Ijumaa.

Niliporudi nilisikia harufu kutoka barazani. Ilikuwa nzuri, ya kukaribisha, ya nyumba iliyofagiliwa inayongoja wageni. Nilikaribia kutabasamu kabla sijaelewa. Ilikuwa harufu ya ubani.

Ndani mchirizi ulikuwa unaanguka kama nilivyouacha. Chini yake samaki watano walikuwa wamelala ubavu mchangani, wanahema kwa pupa. Wa sita, yule mwenye ganda kubwa, alikuwa anaelea.

Mama alitoka jikoni na uso wa kuridhika. "Nimekusafishia mtungi. Umekaa siku tano bila kuoshwa, na leo Ijumaa. Nikautoa maji na mchanga, nikausugua, nikaufukiza ubani, nikarudisha kila kitu, nikautia maji mapya ya bomba. Siwezi kumpa mtu maji ya mtungi usiofukizwa, hata awe samaki."

Hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Aliwasha ubani kwenye chetezo, akaufunika mtungi juu ya moshi mpaka udongo ukashiba, ndipo akatia maji, na mgeni akinywa husema maji haya ya nyumba gani. Nami niliyenyweshwa maji hayo tangu utoto sikumwambia neno juu ya ubani. Nilimweleza habari za koki, mchanga, mkaa na umeme. Sikumweleza kwamba mtungi ule haukuwa tena wa kunywa, kwamba ulikuwa ndiyo mapafu yao. Nilidhani ni jambo linaloonekana.

"Mama, wanavuta hayo maji. Ndiyo hewa yao."

Alinitazama, akawatazama, akaona. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo nisingependa kuiona tena.

"Nimewavutisha moshi?"

Nilizima pampu, nikautoa mtungi. Tulikuwa na pipa uani lenye maji yaliyokaa siku nyingi. Nikawa nachota ya kisanduku nusu, namwaga, natia ya pipani. Mama alichukua upawa. Kwa bega lile lile bovu. Nikamwambia aache, akasema nisimguse. Fundi vioo alipita, akasimama mlangoni, akanusa.

"Injinia, samaki wana harusi?"

Mama akamwambia kama amekuja kucheka, aende akacheke kwenye banda lake, na kama amekuja kusaidia kuna ndoo hapo. Akachukua ndoo. Mpaka magharibi tulikuwa watu wazima watatu tumekizunguka kisanduku, mmoja anamwaga, mmoja anatia, mmoja anakoroga. Mpaka leo sijui kilichowadhuru hasa ni ubani au ile dawa ya maji ya bomba. Mama anasema ni ubani, na hataki mtu amwondolee hatia yake.

Watano walinyooka mmoja mmoja. Wa sita mama alimzika mwenyewe uani, chini ya mpapai, ndani ya ganda lake.

Niliweka chini begi nililokuwa nimelifunga kwa safari. Nikamwambia siendi tena Ulyankulu, asali nitaitafuta mwakani kwa mtu mwingine, haidhuru. Nilidhani atafurahi. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameulowesha mtungi tangu alfajiri kwenye beseni la maji ya pipa, ameyabadilisha mara tatu, na ule mchanga, mkaa na kokoto ameanika kwenye ungo.

"Nifundishe," akasema. "Usinionyeshe. Nifundishe, halafu nifanye mimi, wewe kaa pale."

Nilikaa pale. Alipanga kokoto, mchanga, mkaa, godoro. Alifunga koki kwa mkono wake, akaifungua nusu, akaona mchirizi mnene, akaifunga kidogo. Aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kujiuliza. Mchanga ukiziba? Ukiona mchirizi unakonda, ni kuusuuza, lakini kwa maji ya samaki wenyewe. Pampu ikinyamaza na umeme upo? Itoe uchafu mdomoni. Nani aguse mtungi? "Mimi," akajijibu. Akatafuta kanga kuukuu, akaifunga shingoni mwa mtungi, majirani wajue huo si wa kunywa. Mara mbili niliinuka kurekebisha kitu, mara mbili akaniambia nikae.

Siku mbili aliuendesha peke yake. Siku ya tatu, iliyokuwa ya mwisho ya mwenzangu, alinitolea begi mlangoni.

"Nenda, baba. Ukikaa hapa utawagusagusa."

Nilifika Ulyankulu jioni kwa gari la mizigo. Mwenzangu alinitakia amani, akaniuliza habari za ukoo wangu mpya, akacheka mpaka akashika mti. Kesho yake tulirina mizinga iliyokuwa imebaki, nikaumwa na nyuki wanne, nikalala na harufu ya moshi na nta kwenye nguo. Nilikuwa mahali nilipopataka kwa wiki saba. Na kila palipokuwa na mtandao nilipiga simu.

"Hawajambo," mama alisema siku ya kwanza.

"Hawajambo," alisema ya pili. "Umeme ulikatika tangu saa nne mpaka saa saba. Mtungi haukukauka."

Siku ya tatu nilimpigia mchana, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyojaa, mwenzangu akipima nyingine.

"Umekuja kununua asali au kupiga simu?" akaniuliza.

Mama alikuwa na haraka, kulikuwa na kitu jikoni. Akaniambia kwamba yule mdogo mchokozi amekuwa mkali kupita kiasi, hatoki mlangoni kwake, na asubuhi ameona mchangani vitu vyembamba kama vipande vya uzi vinavyochezacheza. Alidhani ni uchafu wa godoro. Alipoleta miwani vikaingia ndani ya ganda.

"Watoto, mama!"

"Ndiyo nakwambia."

"Nakuja kesho."

"Uje kufanya nini? Maliza kazi yako. Watakuwepo."

Nikamwomba aweke simu karibu na maji nisikie, mara moja tu. Alilalamika kidogo, kisha nikasikia anaiweka mezani. Nikasikia mchirizi. Nikasikia ndala zake zikielekea jikoni, kifuniko cha sufuria, hodi ya jirani wa mbele, mama akiitikia kutoka ndani, "Karibu, pita, ila usiguse mtungi wa kanga." Alikuwa amesahau kabisa kwamba nipo kwenye simu. Mwenzangu alisimama na ndoo mkononi akinisubiri nimshikie upande wa pili. Nikamwonyesha kidole, asubiri, na nikaendelea kusikiliza maji yakianguka mpaka dakika zangu zikaisha.